Sakitu Bondeni, Barafu Kivulini: Baiskeli Katika Vilima vya Majira ya Baridi

Baiskeli ya barabarani hugusa lami kwa eneo dogo mno. Mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 10, tairi zikiwa zimejazwa upepo hadi baa 6, anakanyaga ardhi kwa sentimita za mraba zisizofika 15, tairi zote mbili zikihesabiwa pamoja. Eneo hilo ni dogo kuliko uso wa kibiriti. Lami ikiwa kavu, linatosha kumpandisha mlima, kumpitisha kwenye kona na kumsimamisha. Lami ikishikwa na sakitu, yaani unyevu wa hewani ulioganda, usalama wake wote unabaki juu ya kieneo hicho, na hali ya barabara chini yake hubadilika kila baada ya mita chache. Penye vilima hubadilika zaidi, kwa sababu vilima hugawa baridi, maji na jua bila usawa.

Mfano ulio wazi ni Peak District, nchi ya vilima iliyo katikati ya Uingereza, baina ya miji ya Manchester na Sheffield. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ya kwanza nchini humo, na kwa vizazi kadhaa vilabu vya baiskeli vya miji hiyo vimekuwa vikienda huko siku za Jumapili, Januari ikiwemo. Kwa macho ya Mwafrika Mashariki vilima hivyo si virefu. Barabara ya Snake Pass hufika mita 510 hivi juu ya usawa wa bahari, ile ya Cat and Fiddle kati ya Buxton na Macclesfield mita 515, na Holme Moss mita 524. Yote hayo ni chini kabisa ya Nairobi au Kigali. Ukali wake unatokana na kuwa karibu na nyuzi 53 kaskazini ya ikweta, na kwa njia zake kupanda na kushuka moja kwa moja bila kuzunguka mlima. Winnats Pass, unaoanzia kijiji cha Castleton, una mwinamo unaofika asilimia 20 na kuzidi katika sehemu yake ya juu.

Sakitu huja usiku usio na mawingu wala upepo. Ardhi hutoa joto lake kuelekea angani, na lami hupoa upesi kuliko hewa iliyo juu yake. Vipimajoto vya vituo vya hali ya hewa vya Uingereza huwekwa mita 1.25 juu ya nyasi, kwa hiyo utabiri wa nyuzi 3 za Selsiasi hausemi kwamba barabara nayo ina nyuzi 3. Alfajiri ya anga safi lami inaweza kuwa imeshashuka chini ya sifuri. Ndiyo sababu magari mengi huwasha taa ya tahadhari ya barafu hewa ikiwa bado na nyuzi 3 au 4. Mwendesha baiskeli hana taa hiyo. Anachoweza kufanya ni kutazama anga kabla ya kulala, maana nyota zikionekana zote na miti ikiwa imetulia, barabara za asubuhi zimeshajulikana zitakavyokuwa.

Hapo vilima huingia na mchezo wao. Hewa baridi ni nzito, na usiku hutiririka kutoka miteremkoni kama maji, ikatuama bondeni. Wakulima wa nyanda za juu za Njombe na Nyandarua wanalijua jambo hili kwa hasara: sakitu huunguza viazi vya bondeni kabla ya kugusa vya mteremkoni. Asubuhi kama hiyo, anayeondoka Castleton anaweza kuanza safari juu ya lami nyeupe na kuikuta barabara ya juu ikiwa na unyevu tu. Siku ya mawingu na upepo mambo hugeuka. Joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kila mita 1,000 za kupanda, basi mita 300 juu ya bonde pana upungufu wa nyuzi 2, na nyuzi hizo mbili mara nyingi ndizo mpaka kati ya mvua na theluji. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kukaa chini au kupanda juu. Usiku uliotangulia ndio unaoamua.

Jua nalo halisaidii kama inavyodhaniwa. Katika siku fupi za Desemba, saa sita mchana, linakuwa nyuzi 13 tu juu ya upeo wa macho. Mashamba ya huko yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na ukuta wenye kimo cha mita 1.4 hutupa kivuli cha karibu mita 6. Barabara nyingi za mashambani hazina upana wa mita 4. Maana yake ni kwamba njia inayoelekea mashariki na magharibi, ukuta ukiwa upande wake wa kusini, inaweza kushinda kivulini kutwa nzima, sakitu ya Jumatatu ikapokewa na ya Jumanne. Mwenye macho makini huisoma hali hiyo kwa urahisi: utepe mweupe umelala barabarani kando ya ukuta, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, na pale penye lango la shamba, ukuta unapokatika, pana kipande cha lami nyeusi kilichoyeyuka, upana wake sawasawa na upana wa lango.

Sakitu nyeupe angalau hujitangaza. Inayoangusha watu ni barafu isiyoonekana, ile ambayo Waingereza huiita nyeusi ingawa haina rangi. Ni nyembamba na angavu, na rangi inayoonekana ni ya lami iliyo chini yake. Chanzo chake mara nyingi ni maji ya malishoni yanayopenya chini ya ukuta, yakavuka barabara na kuganda usiku. Chanzo kingine ni theluji iliyolundikwa pembeni, ambayo huyeyuka mchana, ikatiririka, kisha ikaganda tena jioni. Mahali pa kuiogopa panajulikana: chini ya miti, mbele ya malango ya mashamba, na juu ya madaraja, ambayo hupoteza joto juu na chini.

Mambo haya yakiwekwa pamoja, sura ya hatari yenyewe hujitokeza. Barabara ya mashambani hushuka hadi bondeni, hupinda, huvuka kijito kwa daraja dogo, kisha hupanda upande wa pili. Bondeni hapo ndipo hewa baridi ilipotuama, ndipo maji yalipo, ndipo jua linapochelewa kufika, na ndipo mwendeshaji anapofika akiwa na kasi kubwa kuliko mahali pengine popote katika safari yake. Barabara tambarare ikiwa na barafu humwangusha mtu akiwa na kasi ya kawaida. Barabara ya vilima humpeleka mbio hadi kwenye sehemu yake mbaya kuliko zote.

Hesabu ya msuguano inaonyesha ukubwa wa tatizo. Kigezo cha msuguano cha mpira juu ya lami kavu ni 0.7 hadi 0.8. Juu ya barafu huanguka hadi karibu 0.1. Kwa kigezo hicho baiskeli haiwezi kuinama hata nyuzi 6 bila kuteleza. Anayekwenda kilomita 30 kwa saa anahitaji kona yenye nusu kipenyo cha mita 70, na hakuna kona ya namna hiyo kwenye daraja la kijito. Hata kwa kilomita 15 kwa saa anahitaji mita 18. Breki nazo hazimwokoi. Gurudumu la mbele likikwama, mtu yuko chini kabla hajajua kilichotokea. La nyuma likiteleza, bado pana nafasi ndogo ya kujirekebisha. Kwa hiyo kazi yote ya kupunguza mwendo hufanywa mapema, juu ya lami inayoshika. Aliyekwisha kuingia kwenye barafu hana la kufanya ila kuacha breki, kuacha kukanyaga pedeli, kuuacha usukani umenyooka na kungoja ipite.

Kupanda kuna taabu yake, ijapokuwa haivunji mifupa. Katika mwinamo gurudumu la nyuma hubeba kama theluthi mbili za uzito, na ndilo linalosukuma. Mwinamo wa asilimia 20 unalidai lipate kigezo cha 0.3, kiwango ambacho barafu haiwezi kutoa. Juu ya barafu tupu hata mwinamo wa asilimia 7 ni mwisho wa uwezo. Anayesimama juu ya pedeli, kama ilivyo desturi ya wapanda milima, huhamishia uzito mbele na gurudumu la nyuma huzunguka bure papo hapo. Waliozoea hukaa kitini, huchagua giya nyepesi na kukanyaga kwa mzunguko laini usio na mshtuko.

Upande wa mwili, kinachosumbua ni kubadilishana kwa moto na baridi kuliko baridi yenyewe. Misuli hugeuza kama robo tu ya nishati kuwa kazi. Iliyobaki ni joto. Anayepanda kwa kusukuma wati 250 anazalisha pia joto la wati 750 hivi, kama pasi ndogo ya umeme. Hata kwenye nyuzi sifuri atatoka jasho. Akifika kileleni huacha kukanyaga, joto hilo hushuka kwa ghafla hadi sehemu ndogo ya kiwango chake, na hapo hapo upepo huongezeka. Kwa kanuni ya baridi ya upepo inayotumika Marekani na Kanada tangu 2001, hewa ya nyuzi sifuri huonekana kama nyuzi 4 chini ya sifuri kwa anayepanda kwa kilomita 15 kwa saa, na nyuzi 9 chini ya sifuri kwa anayeshuka kwa kilomita 60. Kanuni hiyo inamhesabu mtu mkavu. Aliyelowa jasho yuko katika hali mbaya zaidi, kwa sababu maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa iliyotulia.

Vidole ndivyo vinavyoathirika kwanza. Mwili ukihisi baridi hupunguza damu inayokwenda pembeni ili ulinde moyo na ubongo, na ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wa kushika hupungua waziwazi. Kwa mwendesha baiskeli vidole ni breki. Mtu anaweza kuwa na mapafu imara na miguu yenye nguvu, kisha akajikuta katikati ya mteremko hawezi kuvuta breki kwa nguvu inayotakiwa. Hatari hii haionekani wakati wa kupanda, na inapoonekana mteremko umeshaanza.

Historia ya mashindano inashuhudia hayo. Tarehe 20 Aprili 1980, theluji iliangukia mbio za Liège–Bastogne–Liège katika vilima vya Ardennes nchini Ubelgiji. Walianza waendeshaji 174, wakamaliza 21. Mfaransa Bernard Hinault alishinda kwa kumwacha wa pili zaidi ya dakika 9, na vidole vyake viwili havikurudi tena katika hali yake ya kwanza. Tarehe 5 Juni 1988 mbio za kuzunguka Italia zilivuka mlima Gavia, zaidi ya mita 2,600, katika tufani ya theluji. Mholanzi Johan van der Velde alifika kileleni akiongoza, mikono wazi, akaanza kushuka bila koti. Baridi ikamlazimisha kusimama, na alipofika mwisho wa siku katika mji wa Bormio alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 40. Mmarekani Andy Hampsten alikuwa na watu waliomnunulia asubuhi ile nguo za kuchezea theluji na kumngojea mlimani na chai ya moto. Alimaliza wa pili siku hiyo nyuma ya Erik Breukink, akavaa jezi ya waridi ya kiongozi wa mbio na kuibakiza mwilini hadi mwisho. Kupanda Gavia hakukuwatenganisha watu hao sana. Kilichowatenganisha ni kushuka.

Somo la mavazi linatokana na hapo. Nguo ya ndani iwe ya sufu au kitambaa kisichoshika maji, kamwe isiwe pamba. Zipu hufunguliwa mwanzoni mwa mlima, kabla ya jasho, na hufungwa kileleni kabla ya kuanza kushuka, vidole vikiwa bado vinatii. Waendeshaji wa zamani wa Ulaya walikuwa wakipokea gazeti kileleni na kulipachika kifuani chini ya jezi. Karatasi huzuia upepo vizuri na hutupwa bila majuto, na njia hiyo bado inafaa. Glavu kavu za pili mfukoni zina thamani kuliko koti la pili. Kunywa na kula kusisahauliwe, maana baridi huficha kiu.

Kuhusu chombo chenyewe, mengi yanayouzwa kama suluhisho husaidia kidogo. Tairi pana ya milimita 28 au 32 yenye upepo kidogo hushika vizuri zaidi lami yenye unyevu na mchanga, lakini juu ya barafu tupu mpira ni mpira. Hapo kinachoshika ni tairi zenye vijino vya chuma kigumu tu, kama zile za kampuni za Finland na Ujerumani. Hizo hufanya kazi kweli, ila ni nzito, zina kelele kwenye lami kavu, na nyingi ni pana kuliko nafasi iliyoachwa katika fremu ya baiskeli ya mashindano. Upepo upimwe upya pia: tairi iliyojazwa hadi baa 6 ndani ya nyumba ya nyuzi 20 hubaki na baa 5.5 hivi ikitolewa nje kwenye sifuri. Hewa nayo huwa nzito. Kwenye nyuzi sifuri ina uzito wa asilimia 7 zaidi kuliko kwenye nyuzi 20, kwa hiyo mwendo hupungua kwa nguvu zile zile, na hilo lisimshtue mtu akadhani amedhoofika.

Madigadi ni ya lazima. Bila hayo maji ya barabarani hurushwa na gurudumu hadi mgongoni na miguuni, na anayefuata nyuma huyapokea usoni. Vilabu vya Uingereza vina desturi ya kuweka baiskeli ya pili kwa ajili ya majira ya baridi, ya bei nafuu, yenye madigadi marefu, na zamani nyingi zilikuwa za giya moja bila friwili. Pedeli zisizoachia humpa mguu habari ya gurudumu la nyuma papo hapo: likianza kuteleza, mguu hujua kabla ya jicho. Sababu nyingine ya baiskeli hiyo ya pili ni chumvi. Chumvi ya barabarani hula cheni, waya za breki, spoku na beringi, na baiskeli isiyooshwa baada ya safari huanza kuonyesha kutu baada ya siku chache.

Chumvi hiyo inahitaji maelezo, kwa sababu wengi huitegemea kupita uwezo wake. Barabara za Uingereza hunyunyiziwa chumvi ya mawe, sehemu kubwa yake ikichimbwa Winsford katika jimbo la Cheshire. Hushusha kiwango cha maji kuganda, lakini uwezo wake hupungua sana joto likienda chini ya nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri, na huhitaji magari yaisage na kuichanganya na unyevu. Sheria ya barabara ya mwaka 1980, ilivyorekebishwa mwaka 2003, inazitaka mamlaka za England na Wales kuhakikisha, kadiri inavyowezekana, kwamba theluji na barafu hazihatarishi wapitao. Katika utekelezaji, malori ya chumvi hupita kwanza barabara kuu na njia za mabasi. Vijia vya mashambani, ambavyo mwendesha baiskeli huvichagua kwa kuwa havina magari, ndivyo visivyopata chumvi. Majira ya baridi humlazimisha mtu kuchagua kati ya barafu na magari, na chaguo hilo si jepesi. Kwa mfano, barabara ya zamani ya kupita chini ya mlima Mam Tor ilifungwa kwa magari mwaka 1979 baada ya kuharibiwa na maporomoko ya ardhi, na tangu hapo magari ya Castleton yanayokwenda magharibi hupanda Winnats Pass, kwenye mwinamo ule ule anaouhitaji mwenye baiskeli.

Mashindano makubwa yalichelewa kukubali kwamba kuna siku isiyofaa kuendesha. Machi 2013 mbio za Milan–San Remo zilikatwa kwa sababu ya theluji; waendeshaji walipandishwa kwenye mabasi, mlima Turchino ukarukwa, na karibu kilomita 50 zikaondolewa. Alishinda Mjerumani Gerald Ciolek, akiwa katika timu ya Afrika Kusini ya MTN-Qhubeka. Tangu msimu wa 2016 shirikisho la dunia la mchezo huo, UCI, lina utaratibu rasmi wa hali mbaya ya hewa, unaoruhusu mbio kubadilishwa njia au kufutwa kwa ajili ya mvua inayoganda, theluji barabarani au baridi kali. Ikiwa waliolipwa kushindana wamepewa ruhusa ya kusimama, anayeendesha kwa kupenda hana sababu ya kuona haya.

Uamuzi mkubwa basi hufanywa nyumbani, na unahusu saa na njia kuliko nguo na tairi. Njia nzuri ya siku ya sakitu hupanda miinamo mikali na kushuka kwa barabara pana zilizotiwa chumvi, hata kama mzunguko wake haupendezi kwenye ramani. Huepuka miteremko inayotazama kaskazini. Ina mahali pa kukatiza safari, na kijiji chenye mkahawa uliofunguliwa. Katika siku fupi za Desemba jua la Derbyshire huchomoza saa mbili na dakika ishirini asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni. Barafu iliyoshika lami usiku mara nyingi haiyeyuki hadi saa nne au saa tano asubuhi, na kuanzia saa tisa baridi huanza kurudi bondeni. Zinabaki saa nne za kuendesha kwa utulivu, na kwa vilima vile zinatosha kilomita 60. Penye barafu katikati ya saa hizo, shuka, shika ukuta, vusha baiskeli kwa miguu. Kilomita nyingine zingoje Machi.